Usawa Mahali pa Kazi: Sheria Inavyomhusu Mwajiri na Mfanyakazi wa Nkololo

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, shughuli katika Kata ya Nkololo, Wilaya ya Bariadi, huongezeka maradufu. Maghala ya vyama vya ushirika vya msingi huhitaji makarani wa mizani, walinzi na wapakiaji. Viwanda vya kuchambua pamba mkoani Simiyu navyo huita vibarua wa kulisha mitambo, kufunga marobota na kufagia sakafu usiku na mchana. Kwa kaya nyingi za Bariadi, fedha ya miezi hiyo michache ndiyo inayonunua sare za shule na pembejeo za msimu unaofuata.

Katika kipindi hicho kifupi ndipo maswali ya usawa kazini huwa mazito. Nani anachaguliwa getini na nani anarudishwa? Mwanamke na mwanamume wanaofanya kazi ileile wanalipwa sawa? Kibarua akionekana ni mjamzito, kazi yake inabaki? Makala haya yanaeleza majibu ya sheria za Tanzania Bara kwa maswali hayo, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua pale sheria inapokiukwa.

Msingi wa haki hiyo

Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inakataza ubaguzi unaotokana na utaifa, kabila, mahali mtu alipotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali ya maisha. Ibara ya 22 inatambua haki ya kufanya kazi, na Ibara ya 23 inatambua haki ya kupata ujira unaolingana na kazi, bila ubaguzi wa aina yoyote.

Maneno hayo hayakuwemo katika Katiba tangu mwanzo. Sehemu ya haki za binadamu iliingizwa mwaka 1984, na wananchi walianza kuweza kuidai mahakamani mwaka 1988. Miaka miwili baadaye, Mahakama Kuu kule Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliitumia Ibara ya 13 kuamua kwamba mila iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Shauri hilo halikuhusu ajira. Hata hivyo linafaa kukumbukwa Kanda ya Ziwa, kwa kuwa lilionyesha mapema kwamba desturi, hata iwe kongwe kiasi gani, si kinga ya ubaguzi.

Kwa upande wa kazi, Tanzania iliridhia mwaka 2002 mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani: Mkataba Na. 100 unaohusu malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na Mkataba Na. 111 unaohusu ubaguzi katika ajira. Baadaye Bunge lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo. Namba za vifungu zinazotajwa katika makala haya ni za sheria hizo kama zilivyotungwa.

Kifungu cha 7

Kiini cha suala zima ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa sababu ya rangi, uraia, kabila au mahali alipotoka, mbari, asili ya kitaifa, asili ya kijamii, maoni ya kisiasa au dini, jinsi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, Virusi vya UKIMWI au UKIMWI, umri, au hali ya maisha. Unyanyasaji unaotokana na mojawapo ya mambo hayo nao unahesabiwa kuwa ni ubaguzi. Kukiuka makatazo hayo ni kosa la jinai.

Mambo mawili katika kifungu hicho hayajulikani kwa wengi. Kwanza, neno "mfanyakazi" linamjumuisha pia mwombaji wa kazi, na neno "mwajiri" linamjumuisha wakala wa ajira. Ulinzi huo kwa hiyo huanza kwenye tangazo la kazi, kabla hata ya mkataba, na humfikia yule anayesimama getini asubuhi akisubiri kuitwa jina. Pili, ingawa sheria hiyo kwa ujumla haiwahusu askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, kifungu cha 7 ni miongoni mwa vifungu vichache vinavyowahusu hata wao.

Mwajiri hazuiwi kuchagua. Anaruhusiwa kuweka sifa ambazo asili ya kazi yenyewe inazidai, kuchukua hatua za makusudi za kuinua kundi lililoachwa nyuma, na kuwapa raia kipaumbele kwa mujibu wa sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999. Anachozuiwa ni kuchagua kwa kigezo kisicho na uhusiano na kazi.

"Tunataka mwenyeji"

Simiyu ni mkoa wenye Wasukuma wengi, na Kisukuma ndiyo lugha ya mazungumzo ya kila siku katika sehemu kubwa ya Nkololo. Huo ni utajiri wa mahali. Ugumu hujitokeza pale lugha au asili inapogeuzwa kuwa sharti la ajira.

Chukulia tangazo la karani wa ghala linalotaka mwombaji "awe mwenyeji wa wilaya hii". Hilo linagusa moja kwa moja mahali mtu alipotoka, na mwajiri atatakiwa kueleza jinsi uenyeji unavyohusiana na kusoma mizani na kujaza stakabadhi. Chukulia tangazo jingine linalosema "lazima azungumze Kisukuma". Hapa kabila halikutajwa, lakini sharti hilo litawaondoa karibu waombaji wote wa makabila mengine. Huu ndio ubaguzi usio wa moja kwa moja. Iwapo kazi yenyewe ni kuzunguka vijijini kuwaelimisha wakulima wazee ambao hawatumii Kiswahili kwa ufasaha, sharti la lugha laweza kutetewa kuwa ni hitaji la kazi. Iwapo kazi ni kulinda geti usiku, utetezi huo ni dhaifu.

Kipimo ni hichohicho kwa dini na umri. Ratiba ya zamu inayomwangukia muumini kila siku yake ya ibada, ilhali zamu nyingine zipo na zinaweza kubadilishwa bila hasara, inaweza kuhojiwa. Tangazo la kampuni linalotaka kijana "asiyezidi miaka 30" kwa kazi ya uhasibu linapaswa kuwa na maelezo. Kikomo cha miaka 45 ambacho waombaji hukiona katika matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaacha nje wale ambao tayari ni watumishi wa umma.

Kibarua wa msimu na ujauzito

Eneo linaloleta maumivu makubwa zaidi ni ujauzito, na ndilo ambalo vibarua wengi wa msimu hudhani haliwahusu.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini mazingira yake ni ya kawaida. Mwanamke kutoka Nkololo ameajiriwa kiwandani tangu Juni bila mkataba wa maandishi. Mwezi Agosti msimamizi anagundua kuwa ni mjamzito, anamwambia apumzike, kisha jina lake halisomwi tena getini. Anarudi nyumbani akiamini kwamba kibarua hana haki.

Imani hiyo si sahihi, na sababu zake ni kadhaa. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa ni mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo kuna viashiria kama vile kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwajiri, au kumfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kibarua wa kiwandani huzimaliza saa hizo katika wiki moja. Kukosa mkataba wa maandishi nako hakumsaidii mwajiri: kifungu cha 15 kinamtaka ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake.

Kuhusu likizo, kanuni ya jumla ni kwamba mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini kifungu cha 29 kimeweka wazi kwamba mfanyakazi wa msimu anayo haki hiyo. Vilevile, aliyeajiriwa zaidi ya mara moja na mwajiri yuleyule ndani ya mwaka hujumlishiwa vipindi vyake. Vikizidi miezi sita, anastahili. Kwa mkoa unaotegemea pamba ni vigumu kupata kifungu chenye maana kubwa kuliko hiki, na pengine hakuna kinachosomwa kwa nadra zaidi.

Likizo ya uzazi yenyewe, kwa mujibu wa kifungu cha 33, ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 iwapo mama amejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mama anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Hatakiwi kurudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari amethibitisha kuwa anaweza. Akirejea, hupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba ana likizo ya siku tatu. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yaliongeza ulinzi kwa wazazi wa watoto njiti, na waajiri wanashauriwa kuyasoma kabla ya kukokotoa siku za likizo.

Viwanda vinavyofanya kazi usiku vina wajibu wa ziada. Kifungu cha 20 kinakataza mjamzito kufanya kazi usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi ikiwa cheti cha daktari kinaonyesha hivyo. Aidha, mjamzito au mama anayenyonyesha haruhusiwi kupangiwa kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kubeba mizigo mizito ni mfano ulio wazi. Pale inapowezekana, mwajiri anatakiwa kumpatia kazi mbadala kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Kumwambia "apumzike" bila malipo si kazi mbadala.

Bado kuna swali la kuachishwa. Kifungu cha 37 kinasema wazi kuwa ujauzito, ulemavu au sababu yoyote ya kibaguzi haiwezi kuwa sababu halali ya kusitisha ajira. Ni kweli kwamba sehemu hiyo ya sheria, inayohusu usitishaji wa ajira usio wa haki, haimhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita. Kifungu cha 7 hakina sharti hilo. Kwa hiyo mama wa mfano wetu, mwenye miezi miwili tu kazini, analeta lalamiko la ubaguzi, na sheria inamsikiliza. Akishaonyesha ushahidi wa awali, kwa mfano kwamba aliondolewa siku chache baada ya hali yake kujulikana huku wenzake wakiendelea, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea au kwamba uamuzi ulikuwa na sababu nyingine.

Ulemavu

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi kuhakikisha kuwa wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kwa mahesabu mepesi, kiwanda chenye wafanyakazi 100 kinapaswa kuwa na watatu. Vibarua wa msimu wanapoongezeka hadi 200, hesabu nayo inapanda hadi sita.

Katika Kanda ya Ziwa suala hili lina uzito wa pekee kwa watu wenye ualbino, ambao wameishi na kumbukumbu ya mashambulizi na mauaji. Kwao kazi ni kipato na pia ni kutambuliwa kama watu miongoni mwa watu. Mwajiri anayempanga mfanyakazi mwenye ualbino kushusha mizigo juani mchana kutwa, ilhali kuna nafasi ya uandishi wa stakabadhi ndani ya ghala, hajatimiza wajibu wake kwa sababu tu amemwajiri. Mpangilio unaozingatia ulemavu mara nyingi haugharimu fedha: kubadilishana zamu, kofia pana, meza karibu na mlango kwa anayetumia kiti cha magurudumu, maelekezo ya maandishi kwa kiziwi.

Unyanyasaji na rushwa ya ngono

Kudai ngono ili kumpa mtu kazi, zamu nzuri au malipo yake halali ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Anayefanyiwa hivyo anaweza kutoa taarifa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113. Unyanyasaji wa kijinsia pia ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na unaweza kuripotiwa polisi. Njia hizi hazimzuii mfanyakazi kupeleka lalamiko la ubaguzi kwa utaratibu wa kazi. Asisubiri moja iishe ndipo aanze nyingine, kwa sababu iliyoelezwa hapa chini.

Siku 30 na siku 60

Migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kilichoundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi. Kwa mujibu wa kanuni zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa ndani ya siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Migogoro mingine, ikiwemo ya ubaguzi, ina siku 60 tangu ilipotokea.

Haki nyingi hupotea hapa. Kibarua aliyeondolewa Agosti husubiri msimu uishe akitumaini kuitwa tena, au huenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya wilaya. Viongozi hao wanaweza kushauri na kupatanisha, lakini siku zinaendelea kuhesabiwa. Kwa kuwa si rahisi kwa asiye mwanasheria kutofautisha mgogoro wa kuachishwa na ule wa ubaguzi, busara ni kuzihesabu siku 30 kuwa ndizo kikomo katika kila hali. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza sababu ya msingi ya kila ucheleweshaji, na ombi laweza kukataliwa.

Lalamiko huanza kwa kujaza Fomu Na. 1 ya Tume. Nakala hupelekwa kwa mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea huambatishwa. Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Usuluhishi ukishindikana, lalamiko huenda kwa mwamuzi au Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, kulingana na aina yake. Asiyeridhika na tuzo ya mwamuzi ana wiki sita za kuomba Mahakama hiyo iipitie. Mfanyakazi anaweza kuwakilishwa na chama chake cha wafanyakazi, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya kuendeshea mashauri.

Ushahidi hukusanywa kabla ya mgogoro. Kitambulisho cha getini, ujumbe wa malipo kwenye simu, daftari la zamu, kadi ya kliniki yenye tarehe, majina ya wenzake waliokuwepo: hivi vyote vina uzito. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuwaendea wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, au wataalamu wa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, inapofika katika eneo lake.

Mtumishi wa umma, kama vile mwalimu, muuguzi wa zahanati au mtendaji, hufuata njia tofauti. Tangu mwaka 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka amalize kwanza taratibu za rufaa ndani ya utumishi wa umma kabla ya kutumia njia za sheria za kazi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005.

Wajibu wa mwajiri kuandikisha mpango

Kifungu cha 7 kinamtaka kila mwajiri kuandaa mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi, na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Sheria haikuwasamehe waajiri wadogo, na chama cha msingi cha ushirika chenye karani mmoja na walinzi wawili nacho ni mwajiri. Mpango wa mwajiri wa aina hiyo unaweza kutosha katika kurasa mbili: jinsi nafasi zitakavyotangazwa, nani ataketi katika usaili, viwango vya malipo kwa kila kazi bila kujali jinsi ya anayeifanya, mfanyakazi atapeleka lalamiko kwa nani iwapo anayelalamikiwa ni msimamizi wake, na idadi ya watu wenye ulemavu walioajiriwa.

Mwajiri anayeuona usajili huo kuwa ni usumbufu azingatie kwamba Mahakama au mwamuzi anapoamua shauri la ubaguzi hutakiwa kuuzingatia mpango uliosajiliwa. Ni moja ya nyaraka chache ambazo mwajiri anaweza kuziandaa mapema kwa ajili ya utetezi wake mwenyewe. Kifungu cha 16 kinamtaka pia abandike mahali panapoonekana taarifa ya haki za wafanyakazi. Geti ambalo majina husomwa asubuhi linafaa kwa kazi hiyo. Mwongozo wa kina zaidi wa kuondoa ubaguzi unapatikana katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, na maafisa kazi wa Serikali ndio wanaopaswa kuulizwa kuhusu namna ya kuandaa na kuwasilisha mpango huo kabla msimu haujafunguliwa.